Akaunti ya eCitizen: tumia barua pepe na laini yako mwenyewe

Ukienda saiba (duka la intaneti) kufunguliwa akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, usikubali mhudumu ajaze barua pepe yake au namba yake ya simu eti mambo yaende haraka. Fungua barua pepe yako kwanza, kisha mtazame akiiandika herufi kwa herufi; nukta moja ikiruka, ujumbe haukufikii. Akaunti hufunguliwa kwa namba yako ya kitambulisho, kwa hivyo huwezi tu kujifungulia nyingine mambo yakiharibika. Na ukisahau nywila, maelekezo ya kuibadilisha hutumwa kwa anwani au simu iliyosajiliwa. Ikiwa ni ya saiba, basi maombi yako ya pasipoti, leseni ya udereva na usajili wa biashara yatakuwa mikononi mwa mtu ambaye mwakani huenda amefunga duka akahama. Nywila iandike wewe, tena ukimaliza hakikisha umetoka kwenye akaunti kabla hujainuka kitini.

Kwa aliyekwisha kusajiliwa kwa barua pepe ya mwingine, tahadhari hii imechelewa. Kama bado unaweza kuingia, ibadilishe leo. Ukishindwa, beba kitambulisho chako halisi uende Huduma Centre (kituo cha huduma za serikali) iliyo karibu.