Kuomba kazi ya gadi wa treni ukiwa Mombasa: anza na macho, barua baadaye

Kwanza tuelewane juu ya jina. Hapa Mombasa ukimwambia mtu kwamba unaomba kazi ya gadi, picha inayomjia ni ya bawabu anayefungua geti la ghala Shimanzi. Gadi wa treni si mlinzi. Dereva ana kichwa cha treni, gadi ana mkia. Yeye ndiye anayehesabu mabehewa, anayehakikisha breki zinashika mpaka behewa la mwisho, anayeandika saa ya kufika na ya kuondoka kila stesheni, na treni ikikwama porini, ndiye anayeshuka kuilinda isije ikagongwa na nyingine.

Nayasema haya mapema kwa sababu nina kijisaiba changu, kiduka cha intaneti na kuchapisha, Changamwe, na kijana mmoja aliwahi kuja kuchapisha barua ya kurasa mbili akisifia uzoefu wake wa kulinda majumba usiku. Tangazo lenyewe lilikuwa la reli. Nilipomfahamisha, maombi yalikuwa yameshatumwa.

Kuanzia macho

Wengi hukimbilia vyeti. Mimi nakwambia kapime macho kwanza, kwa sababu vyeti vinaweza kutafutwa lakini macho ndiyo hayo uliyozaliwa nayo. Kazi hii ni ya nyekundu na kijani: bendera mchana, taa usiku. Kwa hivyo kipimo kinachowatoa watu ni cha rangi, hata kama wanasoma gazeti bila miwani. Mara nyingi hutumika kitabu cha daktari Mjapani, Shinobu Ishihara, kilichotoka 1917. Kila ukurasa una vidoa vya rangi vilivyochanganyika, na ndani yake imefichwa tarakimu. Asiyetofautisha nyekundu na kijani ataona vidoa tu, au atasoma tarakimu nyingine.

Mtu anaweza kuishi na upungufu huu miaka mingi asijue. Taa za barabarani anazisoma kwa mahali zilipo, nyekundu juu na kijani chini, na embe bivu analijua kwa kulibonyeza. Taa anayoshika gadi mkononi haina juu wala chini. Hali hii hurithiwa, wanaume huwa nayo zaidi kuliko wanawake, na miwani ya kawaida haiiondoi. Nenda kliniki yoyote ya macho, au Hospitali Kuu ya Pwani, uombe kupimwa rangi. Ni shughuli ya dakika chache. Ukikuta una tatizo hilo, reli ina kazi nyingine nyingi, za tiketi, karakana na ofisi. Kutoona mbali ni jambo dogo ukilinganisha na hilo, maana miwani hutosha. Siku ya kupimwa usiiache nyumbani kwa kuona haya.

Majina, majina, majina

Hapa ndipo sisi watu wa pwani tunapokwaa. Kitambulisho kimeandikwa Mohamed, cheti cha KCSE, cha kumaliza sekondari, kinasema Muhammad, na PIN ya KRA, mamlaka ya ushuru, ina Mohammed tena bila jina la babu. Kwetu nyumbani ni mtu mmoja, kwa kompyuta ni watu watatu. Akina dada nao huwa na jina la baba shuleni na jina la mume kwenye kitambulisho kipya.

Kabla hujagusa fomu yoyote, tandaza karatasi zote mezani: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kumaliza shule, cha chuo kama unacho, na ile ya PIN. Zisome herufi kwa herufi, ikiwezekana na mtu mwingine, kwa sababu jicho la mwenye jina husoma linavyopaswa kuwa. Ikiwa tofauti ni ya tahajia tu, andikiwa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, ieleze kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja. Mawakili wenye muhuri huo hawakosekani karibu na mahakama za mjini. Ikiwa jina lenyewe limebadilika, kiapo peke yake hakitoshi. Inatakiwa hati ya kubadilisha jina iliyosajiliwa, na hiyo huchukua muda. Ifanye sasa, usingoje tangazo litoke. Kwenye fomu andika jina lilivyo kwenye kitambulisho, si lile unaloitwa mtaani.

Tangazo

Shirika la Reli la Kenya ni shirika la umma, lilizaliwa 1978 baada ya reli ya pamoja ya Afrika Mashariki kuvunjika. Nafasi zake hutangazwa kwenye tovuti yake, na nafasi nyingi za serikali hutokea pia katika gazeti la MyGov linalotoka Jumanne. Angalia vizuri mwajiri aliyetajwa. Treni za SGR, ile reli mpya, zilipoanza kubeba abiria 2017, uendeshaji ulikabidhiwa kampuni ya Afristar, na reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja iliyoanza kutandazwa hapa Mombasa 1896, ina mambo yake. Usitumie barua ya mmoja kwa mwingine ukabadilisha anwani tu.

Picha ya tangazo inayozunguka WhatsApp bila anwani ya tovuti, ichukulie ni ya uongo mpaka uione kwenye tovuti yenyewe. Na atakayekuomba pesa kidogo ya faili au ya chai ya bosi, mkatie simu. Kazi ya umma hainunuliwi kwa M-Pesa.

Ukilipata la kweli, nakili namba ya kumbukumbu, gredi inayotakiwa, na saa ya mwisho. Saa ya mwisho mara nyingi ni kumi na moja jioni, si usiku wa manane kama watu wanavyodhani. Saa tisa ya siku hiyo huwa nimezungukwa na vijana wanaolia na mtandao. Tuma siku tatu kabla. Vyeti viskeni vizuri, si kuvipiga picha kitandani na kivuli cha simu kinaonekana, na kila faili lipe jina lako na aina ya cheti.

Vyeti vya kuonyesha usafi wako

Hivi ni vitano: cheti cha tabia njema kutoka DCI (idara ya upelelezi), cha kulipa ushuru cha KRA, cha HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi), cha EACC (tume ya kupambana na ufisadi), na ripoti ya CRB (ya historia yako ya mikopo). Sheria ya ajira ilirekebishwa 2022 ili mwajiri asivitake mpaka atakapokuwa tayari kukupa kazi, kwa hivyo soma tangazo kabla ya kumaliza akiba yako. Ila hicho cha tabia njema ningekianza mapema, maana kina alama za vidole. Unaomba na kulipa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unachapisha fomu, kisha unakwenda kuchukuliwa alama. Hapa mjini Huduma Centre iko jengo la Posta, barabara ya Digo. Nenda asubuhi.

Barua

Ukurasa mmoja, kwa lugha ya tangazo. Usianze kwa kusimulia umasikini wa kwenu. Eleza kazi uliyofanya inayofanana na ya gadi, na hapa Mombasa zipo tele. Kama umewahi kuhesabu makontena bandarini, ukaandika namba moja moja bila kukosea, sema, maana hesabu ya mabehewa ni hiyo hiyo. Makanga naye anajua kukagua milango na kutuliza abiria. Umefanya zamu za usiku? Taja, pamoja na miezi. Wadhamini wawe wanaokujua kazini, na uwaarifu kwamba simu itapigwa.

Mahojiano

Watakuuliza kuhusu shirika, kama kawaida, na hayo utayasoma. Kinachowatenganisha watu ni swali la hatari. Mfano: uko kwenye treni ya mizigo usiku, imesimama ghafla, redio haisikiki. Utafanya nini? Wengi hujibu kwamba watakwenda kumwona dereva. Jibu lenye akili ya gadi linaanza nyuma: kurudi na taa nyekundu njia ile ile treni ilikotoka, kuweka fataki juu ya reli ili dereva anayekuja asikie mlio hata kama haoni, ndipo utafute sababu.

Sababu yenyewe huenda ikawa breki. Breki za treni huachia kwa nguvu ya hewa iliyomo kwenye bomba linalopita mabehewa yote. Bomba likikatika hewa hutoka na breki hushika zenyewe. Kwa hiyo treni iliyosimama bila dereva kutaka huenda imekatika katikati. Ndiyo maana behewa la mwisho huwa na alama au taa ya mkia, na mtu wa stesheni huitafuta kwa macho kila treni inapopita: akiikosa, anajua kuna mabehewa yamebaki njiani. Kijana aliyetoka shule hategemewi kujua kanuni zote, atafundishwa. Lakini ukionyesha kwamba umelifikiria jambo hilo, jopo litakukumbuka.

Watauliza pia kama uko tayari kupangiwa kazi nje ya Mombasa. Zungumza na nyumbani kabla ya siku hiyo. Niliwaona wawili waliojibu ndiyo mbele ya jopo, halafu barua ya kupelekwa bara ilipofika, mama akakataa.