Kabla hujaanza kuichambua Ozymandias, jiandae hivi

Hii soneti, yaani shairi fupi, ya Mwingereza Percy Bysshe Shelley inasimulia sanamu ya mfalme iliyovunjika jangwani, ina mistari 14 tu, na ufupi wake ndo unaoponza watu. Mtu anaipitia mara moja, anaandika "shairi linatufundisha kuwa madaraka hayadumu", anafunga daftari. Hajakosea, ila hilo hata asiyelisoma shairi analijua, sisi tumekua tukiambiwa cheo ni dhamana tangu tuko wadogo. Mimi nimelisoma hili shairi mara nyingi, na likizo iliyopita nimelisoma tena na mpwa wangu anayesoma Uingereza, huko limo kwenye mashairi ya GCSE, mtihani wao wa sekondari, wa bodi mojawapo, na kila nikirudia naona ni shairi la fundi aliyechonga kuliko la mfalme aliyechongwa. Sasa huyo fundi humuoni kama umeingia mikono mitupu, ndo maana naandika haya.

Kwanza mjue huyo mfalme ni nani. Ozymandias ni jina la Kigiriki la Ramesses wa Pili, farao aliyetawala Misri kama miaka 66, kuanzia 1279 hadi 1213 kabla ya Kristo, na alijenga na kusimamisha masanamu mpaka leo ukienda Misri unakutana naye kila kona. Jina limetokana na matamshi ya Wagiriki ya jina lake la kiti cha enzi, Usermaatre. Na maneno yale ya kujisifu kwenye shairi hayakutoka hewani, kuna mwanahistoria Mgiriki anaitwa Diodorus, wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, ndiye aliyeandika kuwa kwenye sanamu moja kubwa paliandikwa kitu kama hiki: mimi ni mfalme wa wafalme, anayetaka kujua ukubwa wangu na nilipolala basi ashinde hata moja ya kazi zangu. Ona tofauti. Kwa Diodorus ni kama changamoto, njoo ushindane. Kwa Shelley mfalme anawaambia wenye nguvu watazame kazi zake wakate tamaa kabisa. Hilo neno la kukata tamaa Shelley kaliweka mwenyewe, afu ndo linamgeuka mfalme, manake anayefika pale leo anakata tamaa kweli, ila kwa sababu nyingine.

Afu uujue mwaka, manake bila mwaka shairi linakuwa hadithi ya jangwani tu. Liliandikwa mwishoni mwa 1817 na likatoka tarehe 11 Januari 1818 kwenye gazeti la The Examiner la London, kwa jina la bandia la Glirastes. Napoleon, mtawala wa Ufaransa, alikuwa ameangushwa vitani Waterloo mwaka 1815, juzijuzi tu kwa watu wa wakati ule. Na mhariri wa gazeti lenyewe, Leigh Hunt, alishakaa jela miaka 2, toka 1813 mpaka 1815, kwa sababu ya kumshambulia kwa maandishi mwana wa mfalme aliyekuwa anashika madaraka kwa niaba ya baba yake. Shelley mwenyewe alifukuzwa chuo Oxford mwaka 1811 kwa ajili ya kijitabu cha kutetea kutoamini Mungu. Kwa hiyo usome ukijua hilo, farao wa mbali yule anasomwa na watu wanaomjua mtawala wa karibu.

Hapa kuna jambo la sanamu ambalo wengi wanalichanganya. Kuna kichwa kikubwa cha Ramesses kipo British Museum, makumbusho ya London, kina uzito wa tani 7 na zaidi, Mwitaliano Giovanni Belzoni alikitoa Thebes, ndo Luxor ya sasa, mwaka 1816, kikavutwa kwa kamba na magogo mpaka mtoni. Utasikia watu wanasema Shelley alikwenda kukiangalia akapata wazo. Kilifika London mwaka 1818 shairi likiwa tayari limeshatoka, na Misri yenyewe Shelley hakufika maisha yake yote, habari za sanamu alizipata kwa kusoma na kusikia. Tafuta picha ya hicho kichwa kwenye simu yako kabla hujasoma, itazame vizuri. Uso umetulia, midomo kama inataka kutabasamu. Sasa nenda kwenye shairi: paji limekunjwa, mdomo umekunjamana, dharau ya mtu aliyezoea kuamrisha. Uso huo Shelley ameutunga mwenyewe, na hata jangwa tupu lile ameliumba, manake hekalu la Ramesses pale Luxor lipo jirani kabisa na mashamba ya bonde la Nile, nguzo zake bado zimesimama. Ukishajua hayo utaanza kuuliza maswali ya maana, kwamba kwa nini amefuta kila kitu akabakiza miguu, uso uliovunjika na maandishi.

Jiandae pia kuhesabu sauti, na hapa usikimbie. Anayeanza ni "mimi", ila kazi yake inaisha mapema sana, anasema tu nilikutana na msafiri, msafiri akasema, basi, kuanzia hapo hadi nukta ya mwisho ni msafiri anaongea na yule "mimi" harudi tena. Ndani ya maneno ya msafiri kuna fundi anayeongea kwa jiwe, na kuna mfalme anayeongea kwa maandishi. Chukua kalamu za rangi tofauti uipigie kila sauti mstari chini yake. Utaona mfalme wa wafalme kapewa mistari 2 tu, tena imebebwa na mtu aliyeambiwa na mtu. Hakuna aliyemsikia.

Kuhusu vina na mizani, sisi tuliozoea shairi letu la vina vya kati na vina vya mwisho tunaweza kuteseka hapa bure. Kila mstari unakaa kwenye silabi kama 10, lakini Kiingereza kinapima mkazo, silabi nyepesi kisha nzito, mara 5, kwa hiyo kuhesabu mizani peke yake hakutoshi, lazima usome kwa sauti. Na vina vyake havijakaa kama soneti za kawaida, vinaingiliana, cha sehemu ya kwanza kinakuja kupata mwenzake sehemu ya pili, na vingine havilingani sawasawa. Usidhani umekosea kuhesabu.

Maneno ndo sehemu ambayo nakuomba ukae nayo muda mrefu, hasa mawili. La kwanza ni "survive". Mpwa wangu aligota hapo, kaweka kidole kwenye mstari wa saba, ananiambia anko hii sentensi haijaisha, na alikuwa sahihi kuona hivyo, manake amezoea neno hilo likimaanisha kubaki hai, basi. Hapa linamaanisha kuishi baada ya fulani kufa. Zile hasira na kiburi kwenye jiwe zimeishi kuliko mkono uliozichonga na moyo uliozilisha. Mkono ni wa fundi, moyo ni wa mfalme, wote wameshakufa, kilichobaki ni alichokiona fundi. La pili ni "mocked". Kamusi nyingi zitakupa kudhihaki. Ila zamani lilimaanisha pia kutengeneza mfano wa kitu, na Shelley anataka maana zote mbili kwa pamoja. Sisi tuna bahati, Kiswahili kina neno linalofika hapohapo: kuiga. Mtoto anapomuiga mwalimu anavyotembea darasani, ananakili au anakejeli? Vyote. Huyo fundi aliajiriwa amtukuze mfalme, akamchonga kama alivyo, na mfalme akaipokea sanamu bila kujua kaigwa.

Kama unapata nafasi, kabla ya Shelley soma beti chache za utenzi wa Al-Inkishafi za majumba ya kisiwa cha Pate yaliyogeuka magofu, kwenye madaka yaliyokuwa yanapangwa sahani za kauri sasa wanalala makinda ya ndege. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir analia, hao ni watu wake, anayaita magofu kwa uchungu na anaionya nafsi yake mwenyewe. Msafiri wa Shelley halii hata kidogo, anaripoti tu. Ukiwa na uchungu wa Pate kichwani, ukavu wa yule msafiri utausikia vizuri zaidi.

Mambo madogo: printi shairi kwenye karatasi yenye nafasi pembeni ya kuandika, simu iweke mbali ukishamaliza na ile picha, na uchambuzi wa watu wengine usiuguse mpaka umesoma mwenyewe walau mara 3.

Ukiwa umekaa sasa, chukua rula au kipande cha karatasi ufunike mistari 3 ya mwisho. Soma kwa sauti mpaka pale mfalme anaposema mkate tamaa, usimame hapo. Kaa kimya kidogo, jiulize kama ungekuwa umesimama mbele ya hilo jiwe ungetegemea kuona nini nyuma yake, mji, ngome, mahekalu. Mpwa wangu alisema piramidi. Nikamwambia haya, toa rula, akasoma lile sentensi fupi la maneno matatu linalosema hakuna kingine kilichobaki, afu mchanga, akanyanyua macho akaniuliza, "Kwa hiyo yule fundi hata jina lake hatulijui?"