Namna ya kuelewana melini pale mabaharia wanapotoka mataifa mbalimbali

Afisa anayeongoza mabaharia wa mataifa kadhaa anapaswa kwanza kufahamu kwamba "ndiyo" ina maana nyingi. Kwa mmoja ni "nimeelewa", kwa mwingine ni "nimekusikia" tu, na wapo wanaoitikia kwa sababu kumhoji mkubwa huonekana kuwa ni utovu wa adabu. Kwa hiyo usimuulize mtu kama ameelewa. Mwambie akueleze atakachofanya.

Kwenye usukani hili ni jambo la kawaida: mshika usukani hurudia amri neno kwa neno, huitekeleza, kisha hutoa taarifa. Uhamishie utaratibu huo sitahani, hasa wakati wa kufunga meli gatini. Ukisema "legeza kidogo ile", mmoja ataachia shubiri moja na mwingine mita mbili. Sema, "Legeza kamba ya kwanza ya tezi, mita moja," yaani ya nyuma ya meli, naye airudie amri hiyo kabla hajaigusa kamba.

SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unataka lugha ya kazi ya meli iamuliwe na kuandikwa katika kitabu cha kumbukumbu za safari. Aidha, mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) lilipitisha misemo sanifu ya Kiingereza cha baharini, inayofaa kukaririwa hata na wanaojivunia Kiingereza chao, kwani mara nyingi ni hao wanaosema haraka na kwa mafumbo. Mwelekeo wa nyuzi 150 hutamkwa tarakimu moja moja: moja, tano, sifuri, kwa sababu kwa Kiingereza 15 na 50 husikika karibu sawa, sembuse injini ikinguruma. Moto ulipozuka katika meli ya Scandinavian Star mwaka 1990 na kuua zaidi ya watu 150, mabaharia wengi hawakuwa na lugha ya kuzungumza na abiria.

Misemo sanifu, hata hivyo, haimpi mtu ujasiri wa kumwambia nahodha kwamba amekosea. Katika kikao cha usalama anza kwa kumsikiliza mwenye cheo cha chini kabisa, kwa maana nahodha akishatoa rai yake wengi watamwafiki tu. Anayekosea mrekebishe faraghani, isipokuwa hatari iwe imeshafika. Aliyekaripiwa mbele ya wenzake, kosa la pili atalificha.