Somo: Kutembea Peke Yako katika Msitu wa Arabuko-Sokoke na Kuwaona Wanyama Wake

Wanachama wapendwa, wengi wenu mmeomba maelekezo ya kuingia Arabuko-Sokoke bila kundi, nami nimeona ni afadhali niyaandike kwa utaratibu kuliko kumjibu kila mmoja kivyake. Msitu huu, ulio jirani na Gede na Watamu, kusini mwa Malindi, una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, na ndio msitu wa pwani mkubwa zaidi uliosalia katika Afrika Mashariki ukiwa kipande kimoja. Mtu aliye peke yake huona humo mambo ambayo kundi la watu kumi haliyaoni, kwa kuwa wanyama wake wengi ni wadogo na waoga, na hutambuliwa kwa sikio kabla ya jicho. Hata hivyo, mtu huyo hana wa kumwitia msaada pindi jambo likimfika. Maelekezo yangu yote yanatokana na hali hizo mbili.

Hatua ya kwanza: chagua upande, na uache habari

Msitu huu si wa namna moja. Kuna msitu mchanganyiko wenye miti kama mbambakofi. Kuna ukanda wa miti iitwayo mirihi unaomea katika mchanga mweupe, ambako miti imeachana na mwanga hufika chini. Na upande wa magharibi kuna udongo mwekundu wenye vichaka vilivyosongamana kiasi kwamba tembo anaweza kusimama hatua chache mbele yako usimwone. Anayetembea peke yake abaki upande wa Gede, kwenye njia pana na mapito yanayotumika. Kwenye udongo mwekundu ingia na mwongozaji wa pale msituni, hata kama umezoea mapori mengine.

Fika kwanza katika kituo cha msitu cha Gede, kilicho kando ya barabara kuu ya Mombasa na Malindi, karibu na njia panda ya Watamu. Lipa kiingilio, kisha uwaulize askari tembo wameonekana wapi na kama inafaa kutembea peke yako siku hiyo. Wakikwambia uchukue mwongozaji, mchukue. Waachie habari ya njia utakayopita na saa utakayorudi, na habari hiyo hiyo uiache kwa mtu wa nyumbani ambaye unajua atakutafuta.

Hatua ya pili: mavazi na vifaa

Vaa suruali ndefu, soksi zilizopandishwa juu yake na viatu vya kufunika mguu, kwa sababu ya kupe, siafu na miiba. Rangi iwe ya majani makavu. Shati jeupe huonekana mbali. Chukua maji ya kutosha, yasipungue lita mbili kwa asubuhi moja, pamoja na filimbi, tochi, darubini na simu iliyojaa chaji. Manukato yaache nyumbani.

Hatua ya tatu: ingia mapema, kisha usimame

Ingia mara tu unaporuhusiwa, kukiwa kumepambazuka, maana ikifika saa nne joto limepanda na ndege wengi wamenyamaza. Tembea hatua chache tu kisha usimame kando ya mti, mgongo ukiuegemea, na ukae hapo robo saa bila kusogea. Hili ndilo jambo ninalotaka mlishike kuliko mengine yote. Wageni wengi hupita msitu mzima kwa saa mbili wakatoka wakidai kuwa hauna kitu, kumbe mwendo wao ndio uliofukuza kila kilichokuwepo.

Utakaposimama, sikiliza majani makavu. Mchakacho mwepesi unaokuja na kukatika, kisha ukaanza tena, mara nyingi ni wa sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama ambaye karibu wote waliobaki duniani wamo katika msitu huu. Ana uzito wa karibu nusu kilo, pua ndefu inayochezacheza, na hutafuta wadudu mchana kwa kufukua majani. Ukubwa wake ni kama wa sungura mdogo, lakini kwa ukoo yuko karibu zaidi na tembo kuliko panya. Lile baka la dhahabu lina kazi: ngozi iliyo chini yake ni nene, na adui akilengea hapo, sange hupata nafasi ya kuponyoka. Akikugundua atapiga mkia chini na kukimbia kwa kurukaruka. Usimfuate. Dume na jike hulinda eneo lao, kwa hiyo baki palepale, huenda ukamwona tena. Tazama pia vichuguu vya majani vilivyokusanywa chini ya miti, kwani humo ndimo anamolala, na usivikanyage wala kuvifukua.

Ndege nao huwa na desturi ya kusafiri pamoja, aina nyingi katika msafara mmoja unaopita juu ya miti. Unaweza kukaa nusu saa bila kusikia hata mlio, kisha ghafla matawi yakajaa. Msafara ukifika, acha kupekua kitabu na utazame, maana baada ya dakika chache umekwisha. Katika mirihi chunguza makundi ya mnana wa Clarke, mwenye manjano tumboni, ambaye hapatikani kokote duniani ila katika kaunti hii yetu ya Kilifi, hapa na kule Dakatcha.

Bundi mdogo wa Sokoke, aliyejulikana kwa wanasayansi mwaka 1965, hukaa kwenye vichaka vya udongo mwekundu, na mchana hulala karibu na ardhi, rangi yake ikifanana na majani. Huyo mwachie mwongozaji akuonyeshe. Usimchezee sauti yake kwenye simu ili ajitokeze. Anadhani mwenzake amevamia makao yake, na anapoteza nguvu anazohitaji kuwindia.

Hatua ya nne: wasome tembo kabla hawajakusoma

Mchanga mweupe ni mwalimu mzuri. Unyayo wenye kingo kali ni wa karibuni. Ulioingiwa na majani na vijia vya wadudu ni wa zamani. Kinyesi chenye joto, tawi lililovunjika likiwa bado linatoka maji, au ngurumo nzito usiyojua inatokea wapi, vyote vinakwambia jambo moja: rudi kwa njia uliyojia, taratibu, bila kupiga kelele. Mwaga mchanga mkavu kutoka kiganjani uone upepo unakoelekea, kisha ujiondoe upande ambao harufu yako haitamfikia. Usimsogelee kwa ajili ya picha, na umwogope zaidi jike mwenye ndama. Karibu na madimbwi ongeza tahadhari hizi maradufu, hasa kiangazi.

Toka msituni jua lingali juu.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninatoka Lamu. Je, ninaweza kuondoka alfajiri na kutembea siku hiyo hiyo?

Marahaba, mwanangu. Usifanye hivyo. Hadi uvuke Mokowe na basi lipite Witu na Garsen hadi Malindi, saa nzuri za asubuhi zitakuwa zimepita, nawe umechoka. Lala Malindi au Gede, uswali alfajiri, kisha upande matatu ya kwanza.

Swali: Je, inafaa kwenda katika mfungo wa Ramadhani?

Peke yako na bila maji, siwezi kukushauri hivyo. Baada ya alasiri nenda kwenye magofu ya Gede, ambako kuna kivuli kingi, njia ni fupi na kima hawaogopi watu. Msitu uache hadi baada ya Idi.

Swali: Mwalimu, nikipotea nifanye nini?

Simama kwanza, unywe maji, na usikatize msituni nje ya njia. Fuata nyayo zako mwenyewe hadi njia pana. Kwa upande wa Gede barabara ya lami iko mashariki, na asubuhi jua litakuonyesha huko. Usipoiona njia, kaa mahali pamoja na upige filimbi mara tatu tatu. Anayetafuta humpata upesi aliyetulia.

Swali: Ninaweza kuchukua vipepeo wachache wa kuwafundishia watoto?

Hapana, kisichotoka na kibali hakitoki. Wapeleke watoto kwenye mradi wa Kipepeo, pale magofuni Gede, ulioanza mwaka 1993. Wanakijiji wanaoishi kando ya msitu hufuga viwavi na kuuza pupa, yaani viwavi waliokwisha kujifunga ndani ya ganda, nchi za nje, na watoto wataona kila hatua kuanzia yai.

Swali: Nilikuta mtego wa waya katika pito. Ningeutegua?

Usiuguse ukiwa peke yako, kwa sababu aliyeutega huenda yuko karibu. Hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu, uondoke bila haraka, na uwaarifu askari wa kituoni siku hiyo hiyo, maana kesho yake paa nunga anaweza kuwa amenaswa. Fanya vivyo hivyo ukikuta kisiki kibichi cha muhuhu au mbambakofi.