Umeshazaa njiti, unataka kubeba tena: anza na karatasi zako

Aliyewahi kuzaa kabla ya wiki 37, na hasa aliyezaa hivyo mara mbili, ana uwezekano mkubwa kuliko wenzake wa kuzaa njiti tena. Hiyo si sababu ya kutobeba, ila kwake kliniki inaanza kabla ya mimba, na swali la kwanza si "nile nini?" bali "wale wa mwanzo walitoka mapema kwa nini?"

Wengi hawajui. Waliambiwa uchungu umewahi, wakapewa ruhusa, wakarudi nyumbani ambako kila mtu ana jibu lake: ulibeba ndoo, ulipanda bodaboda, kuna jicho la mtu. Waache waseme. Wewe tafuta kadi ya kliniki ya kila mimba na karatasi ya ruhusa. Zikiwa zimepotea, nenda ulikojifungulia uombe muhtasari wa faili lako. Angalia mimba ilikuwa na wiki ngapi na mtoto alikuwa na uzito gani. Halafu angalia lililo kubwa zaidi: je, uchungu ulianza au chupa ilipasuka yenyewe, au madaktari ndio walioamua kumtoa mtoto kwa sababu presha ilipanda au kondo la nyuma lilianza kuachia?

Majibu hayo mawili yana njia tofauti. Wa presha apimwe sasa, kabla ya kubeba, pamoja na figo na sukari. Kama anameza dawa za presha kama enalapril au losartan, daktari amhamishie kwenye dawa isiyomdhuru mtoto, asiache mwenyewe. Akishabeba, wengi wa kundi hili huandikiwa aspirini ya dozi ndogo, inayoanzwa tangu wiki ya 12 na vizuri kabla ya wiki ya 16.

Yule ambaye mlango wa kizazi ulifunguka mimba ikiwa na miezi mitano, karibu bila maumivu, anahitaji kuzungumza na daktari bingwa wa uzazi kuhusu kushonwa mlango huo, kazi inayofanyika kwa kawaida wiki ya 12 hadi 14. Mwingine atapimwa urefu wa shingo ya kizazi kwa altrasaundi ya kupitia ukeni kati ya wiki 16 na 24. Ikiwa chini ya milimita 25 anaweza kupewa homoni ya projesteroni au kushonwa. Sasa piga hesabu: anayeanza kliniki mimba ikiwa na miezi mitano, kama tulivyozoea, amekuta karibu nafasi zote hizo zimeshapita.

Muda nao una uzito. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 baada ya kujifungua mtoto hai kabla ya kutafuta mimba nyingine, na miezi 6 baada ya mimba kuharibika. Uliyekuwa kwenye sindano ya miezi mitatu, jua kwamba rutuba inaweza kuchelewa kurudi hata karibu mwaka, kwa hiyo iweke kwenye hesabu yako.

Katika kusubiri huko pima wingi wa damu, kaswende, VVU na mkojo. UTI inaweza kukaa bila kuwasha wala kuuma. Foliki ianze kabla ya mimba, mikrogramu 400 kwa siku. Angalizo kwa wanaoishi penye malaria: vidonge vya foliki vya miligramu 5 hupunguza nguvu ya SP, dawa ya kukinga malaria anayopewa mjamzito, kwa hiyo vioneshe kliniki kabla hujapewa SP.

Kuna ushauri mmoja ningependa tuachane nao: kulala kitandani miezi yote. Haijathibitika kwamba kunazuia kuzaa njiti, na kulala muda mrefu huongeza hatari ya damu kuganda miguuni.

Panga pia utakapojifungulia, pawe na wodi ya watoto wachanga na huduma ya kangaruu (kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi), hata kama zahanati iko jirani. Tumbo likikaza na kuachia kwa mpangilio, maji yakivuja au damu ikitoka, usisubiri asubuhi. Sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto hufanya kazi vizuri ikitangulia uzazi kwa saa 24 au zaidi, na saa hizo ndizo zinazoliwa na "ngoja tuone". Kwa hiyo namba ya dereva, nauli, na shangazi au jirani atakayebaki na mkubwa vijulikane mapema, baba naye azijue dalili hizo.

Mwajiriwa wa Tanzania aongeze jambo moja. Marekebisho ya sheria za kazi yaliyopitishwa mwanzoni mwa 2025 yanampa mama wa njiti muda wa ziada, ule uliobaki kufikia wiki 40, juu ya likizo yake ya uzazi. Ofisi nyingi hazitakukumbusha. Muulize afisa utumishi sasa ni karatasi gani ya hospitali atakayohitaji.