Kuunda masega ya ekzosi kwa injini ya petroli ya cc 1,500

Masega ya ekzosi ni kifaa cha kusafisha moshi wa injini kwa kichocheo. Vipimo vya hapa ni vya gari la petroli lenye kompyuta na sensa ya oksijeni, kama yale mengi yanayobeba abiria kati ya Malindi, Kilifi na Mombasa. Dizeli haimo: moshi wake una oksijeni nyingi ya ziada, na masega ya aina hii hayawezi kuondoa oksidi za naitrojeni penye oksijeni nyingi. Tuktuk ya kabureta nayo ina utaratibu wake, uko mwishoni.

Hatua ya 1: Injini kwanza

Masega hayasahihishi mchanganyiko mbaya. Kilo 1 ya petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa, na kazi zote tatu (kuchoma monoksidi ya kaboni, kuchoma petroli isiyoungua, kuvunja oksidi za naitrojeni) hufanyika pamoja tu mchanganyiko ukiwa karibu sana na hapo, takriban asilimia 1 juu au chini. Petroli ikizidi, hakuna oksijeni ya kuchomea. Hewa ikizidi, oksidi za naitrojeni zinapita zilivyo.

Kila asilimia 1 ya monoksidi ya kaboni inayoungulia ndani huongeza joto kwa nyuzi 90 hivi za Selsiasi. Sasa fikiria plagi moja haichomi na petroli mbichi inamiminika huko: kauri ya masega, inayoyeyuka kwenye nyuzi 1,450 hivi, huishia donge lililoziba bomba. Kwa hiyo gari likiwa linamisi au linakula oili, usiguse ekzosi bado. Fosforasi ya oili hufunika kichocheo (metali zinazofanya kazi ya kusafisha moshi), na haisafishiki.

Hatua ya 2: Ukubwa

Tafuta hewa inayopita. Kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, injini ya lita 1.5 ikijaa hewa kwa asilimia 70:

1.5 × 3,000 ÷ 2 × 0.7 = lita 1,575 kwa dakika, yaani lita 94,500 kwa saa.

Kiini, yaani kauri yenye vitundu inayobeba kichocheo, cha kipenyo cha mm 118.4 na urefu wa mm 127 kina lita 1.4. Gawanya: ujazo wa kiini unapitiwa mara 67,500 kwa saa, mwendo mzuri kwa safari ya barabara kuu. Kwenye mizunguko 6,000 ikijaa kwa asilimia 85 unafika kama 164,000. Hapo usafishaji hupungua, lakini ni nani anayekaa hapo dakika nyingi? Kiini cha nusu lita, ambacho wauzaji wengine husema kinatosha gari lolote, kingepitiwa mara 189,000 kwenye mwendo wa kawaida. Usikubali.

Hatua ya 3: Kiini

Chukua chenye vitundu 400 kwa inchi ya mraba. Cha 600 kina eneo kubwa zaidi la kufanyia kazi, ila hukaba moshi zaidi na huziba upesi injini ikizeeka. Metali za paladi na platini ndizo zinazochoma, metali ya rodi (rhodium) inavunja oksidi za naitrojeni, na seria (oksidi ya seriamu) iliyomo kwenye mpako wa alumina huweka akiba ya oksijeni mchanganyiko unapoyumba. Gramu 1.5 hadi 2 za metali hizo kwa lita zinatosha hapa. Mpako haupakwi gereji; nunua kiini kilichopakwa kiwandani.

Hatua ya 4: Mahali

Weka sentimita 30 hadi 50 baada ya manifoldi (mabomba yanayokusanya moshi kutoka injini). Kichocheo huamka karibu na nyuzi 300. Ukikisogeza chini ya viti vya nyuma, safari fupi za mjini zitakwisha kabla hakijapata moto. Sensa ya mbele ikae baada ya mabomba yote manne kuungana, imeinama angalau nyuzi 10 juu ya mlalo ili maji yasitulie ndani yake.

Koni ya kutoka bomba la mm 50 iwe na urefu wa mm 100 hivi. Koni fupi hupeleka moshi wote katikati: pale panachoka, pembeni pakabaki papya.

Hatua ya 5: Ganda na mkeka

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mkeka wa vemikulaiti, unaozungushwa kiini ndani ya ganda la bati, wa gramu 4,000 kwa mita ya mraba, ukibanwa hadi mm 4, unafika gramu 1 kwa sentimita ya ujazo. Ukilegea kiini kinacheza na kusagika. Ukibana kupita kiasi kinapasuka wakati wa kufunga.

Kwa chumvi ya upepo wa bahari, chuma cha daraja la 409 hushika kutu mapema. Daraja la 304 huvumilia zaidi, lakini hutanuka zaidi kwa moto: likiongezeka nyuzi 500, pengo kati ya ganda na kiini hukua kwa nusu milimita na ushei, na kauri yenyewe karibu haitanuki. Basi anza na pengo la mm 3.7. Kipenyo cha ndani kinakuwa mm 125.8, na kwa bati la mm 1.5 cha nje ni 128.8. Kunja bati juu ya mkeka, kaza kwa mkanda, na simama kipimo kinapofika. Usikaze kwa kukisia. Ncha za mkeka zikutane bila kupandana, kwani pale zinapopandana ndipo kiini kitakapovunjika.

Chomelea mshono, kisha koni. Ukikata masega ya zamani vaa barakoa, vumbi lake ni baya kwa mapafu. Usitumie silikoni ya kawaida kwenye viungo vya ekzosi, inaua sensa.

Hatua ya 6: Kupima

Toa sensa ya mbele, funga geji ya presha kwenye tundu lake. Injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, presha isizidi kPa 10, na kwenye mizunguko 2,500 isizidi 20. Ikizidi, kuna kuziba.

Rudisha sensa, pasha injini, shikilia 2,500 kwa dakika 3. Kwenye mashine ya kupimia moshi, lambda (uwiano wa hewa iliyopo na ile inayohitajika, 1 ikiwa ni sawasawa) iwe 0.97 hadi 1.03 na monoksidi ya kaboni chini ya asilimia 0.3. Sensa ya nyuma itulie karibu na volti 0.6 hadi 0.7. Ikipanda na kushuka sawa na ya mbele, akiba ya oksijeni imekwisha. Kabla ya kulaumu kiini, tafuta tundu kabla ya sensa ya mbele: hewa ikiingia pale, kompyuta hudhani petroli ni chache na kuongeza.

Tuktuk ya kabureta

Haina sensa, kwa hiyo oksidi za naitrojeni ziache. Tumia kiini cha kuchoma tu, lita 0.2 kwa injini ya cc 200, karibu kabisa na kichwa cha injini, na vali ya kuingiza hewa kabla yake. Rekebisha kabureta kwanza, maana petroli ikizidi kiini hicho kidogo kitayeyuka kabla ya vingine vyote.