Namna ya Kuchagua Bunduki ya Uwindaji ya Bei Nafuu kwa Shabaha za Mbali

Mwindaji hupata risasi moja. Huipiga kwa mtutu uliokaa baridi tangu alfajiri, baada ya kutembea saa nyingi, na ndiyo inayoamua kama mnyama ataanguka papo hapo au atakwenda kufa kwa maumivu kichakani. Anayenunua bunduki ya bei nafuu kwa ajili ya masafa marefu anapaswa kuipima kwa risasi hiyo, na hatua zote zilizomo humu zinalenga kumfikisha hapo. Kibali cha kumiliki silaha na leseni ya uwindaji, kwa mujibu wa sheria za nchi yako, vitangulie kabla hujaingia dukani.

Hatua ya kwanza: jua umbali wako

Wawindaji wengi wakisema "mbali" humaanisha mita 300 hadi 500. Kwa masafa hayo bunduki haihitaji ulengaji wa ajabu, na hesabu yenyewe ni nyepesi. Bunduki inayoweka risasi zake ndani ya dakika moja ya digrii, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii, hutawanya matundu kwa takriban sentimita 2.9 kwenye mita 100, sentimita 9 hivi kwenye mita 300, na sentimita 14.5 kwenye mita 500. Eneo la moyo na mapafu la mnyama wa ukubwa wa kati ni kama duara la sentimita 20. Kwa hiyo bunduki ya dakika moja inatosha, na leo bunduki nyingi za bei ya chini hufikia kiwango hicho zikilishwa risasi zinazozipenda.

Kinachobaki ni wewe. Weka sahani ya sentimita 20, kaa au lala kama unavyokaa porini, kisha upige risasi moja moja kwa siku tofauti. Umbali ambao ukiuvuka unaanza kuikosa sahani ndio mpaka wako. Kumbuka pia kwamba kwenye mita 500 risasi huchukua karibu robo tatu ya sekunde kufika, na mnyama anayekula majani anaweza kupiga hatua moja katika muda huo. Ikiwa mpaka wako ni mita 250, nunua bunduki ya mita 250, na fedha inayobaki inunue risasi za mazoezi.

Hatua ya pili: gawa fedha kabla ya kuona bunduki yoyote

Nusu ya fedha yote iende kwenye bunduki, na nusu nyingine kwenye darubini, vishikio vyake na risasi za mazoezi. Wanunuzi wengi hufanya kinyume: humaliza fedha kwenye bunduki maridadi, kisha huifunga darubini dhaifu iliyobaki kwenye rafu, na baadaye huilaumu bunduki.

Hatua ya tatu: chagua kaliba

Kaliba, yaani aina na ukubwa wa risasi ya bunduki, iliyo nzuri kwa mnunuzi wa kawaida ni ile ambayo risasi zake anaweza kuzipata kwa urahisi na kuzipiga nyingi bila kuogopa teke, yaani pigo la bunduki begani. Kwa sababu hiyo mimi humshauri anayeanza achague kati ya mbili. .308 Winchester, iliyoingia sokoni mwaka 1952, ina risasi za kila aina na mtutu wake hudumu muda mrefu. 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na kampuni ya risasi ya Hornady mwaka 2007, ina teke dogo zaidi, na vichwa vyake (sehemu ya risasi inayoruka) virefu na vyembamba hukata hewa vizuri zaidi. Tofauti huonekana upepo unapovuma: kwenye umbali wa mita 450, upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa husukuma kichwa kizuri cha 6.5 cha greni 143 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa) kwa karibu sentimita 40, ilhali kichwa cha kawaida cha .308 cha greni 168 husukumwa zaidi ya nusu mita. Kushuka kwa risasi kunahesabika na huandikwa kwenye kadi. Upepo hukisiwa, na kila kitu kinachopunguza kosa la kukisia kina thamani kubwa.

Kaliba kubwa kama .300 Winchester Magnum zina nguvu zaidi, lakini teke lake kwenye bunduki nyepesi humfundisha mpigaji kufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa pupa. Sijaona mwanzilishi aliyenufaika nazo.

Pamoja na kaliba, uliza msokoto wa mifereji iliyomo ndani ya mtutu. Msokoto wa 1:8 maana yake kichwa huzunguka mara moja katika kila inchi 8, na kadiri kichwa kinavyokuwa kirefu ndivyo kinavyohitaji msokoto wa haraka zaidi ili kisiyumbe hewani. Kwa 6.5 Creedmoor tafuta 1:8, kwa.308 msokoto wa 1:10 unatosha vichwa vyote vya kawaida. .270 Winchester ya mwaka 1925 ni kaliba nzuri ya uwindaji, ila mitutu yake ya kawaida ya 1:10 haivitulizi hewani vichwa virefu sana, na hapo ndipo inapoachwa nyuma kwenye masafa marefu.

Hatua ya nne: ikague bunduki mikononi

Hapa usiwe na haraka. Kwanza fungua bolti, chuma kinachofunga chemba nyuma ya mtutu, na uhakikishe kwa macho na kwa kidole kwamba chemba na magazini ni tupu. Kisha chukua kipande cha karatasi ya kawaida, kipitishe kati ya mtutu na kitako, kwenye ncha ya mbele ya kitako, na ukivute polepole kuelekea chemba. Karatasi inapaswa kuteleza bila kukwama mpaka karibu na mwanzo wa mtutu, ishara kwamba mtutu haugusi kitako. Baada ya hapo fanya jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau: bana mtutu na ncha hiyo ya mbele ya kitako pamoja kwa mkono mmoja, kwa nguvu ile ile ya bunduki inapoegemea mfuko au miguu yake miwili, na urudie jaribio la karatasi.

Najua umuhimu wa jaribio hili kwa sababu bunduki yangu ya kwanza ya bei nafuu ililifaulu ikiwa huru na kushindwa ikibanwa. Kitako chake cha plastiki kilikuwa laini mno pale mbele. Nikipiga nikiwa nimeegemea mfuko wa mchanga, matundu yalikaa katikati. Nikiegemea mguu wa pembeni, yalihamia kushoto kwa sentimita 6 kwenye mita 100. Nilipoteza boksi mbili za risasi kabla sijaligundua alama ya kusuguka, nyembamba kama ukucha, ndani ya mfereji wa kitako unamolala mtutu. Niliikwangua kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti na tatizo likaisha, lakini ingekuwa rahisi zaidi kuligundua dukani.

Kifyatulio kinapaswa kukatika ghafla na safi, kama kijiti kikavu, kwa uzito wa kilo 1.1 hadi 1.4. Chini ya hapo ni hatari kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi. Savage, watengenezaji bunduki wa Marekani, walilisukuma soko zima walipoanza, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kuweka kifyatulio ambacho mwenyewe anaweza kukirekebisha kwenye bunduki za kawaida za modeli ya 110, ambayo ipo tangu mwaka 1958. Bolti isukume mbele kwa vidole viwili. Ikikwaruza kidogo si kitu, lakini ikikwama njiani iache. Uzito wa kilo 3.2 hadi 3.6 bila darubini hubebeka na hupunguza teke.

Ukiniuliza majina, Tikka T3x ya Finland ndiyo yenye bolti laini kuliko zote za daraja hili, japo bei yake iko juu kidogo. Ruger American na Savage 110 hutoa ulengaji mzuri kwa fedha ndogo. Na Howa 1500 ya Japani ina chuma imara ambacho pia ndicho msingi wa Weatherby Vanguard, kwa hiyo linganisha bei za hizo mbili kabla hujalipia jina.

Hatua ya tano: usidharau bunduki iliyotumika

Remington 700 au Tikka ya zamani iliyotunzwa inaweza kuishinda mpya ya bei ile ile. Angalia mdomo wa mtutu kwa tochi, pale kichwa kinapoagana na bunduki; mkwaruzo mdogo mahali hapo huharibu ulengaji kuliko kutu yote iliyo nje. Tazama kama skrubu zimechubuliwa na fundi asiye na ujuzi, kisha uliza ni risasi ngapi zimepita.

Hatua ya sita: darubini

Kwa mita 500 ukuzaji wa mara 10 hadi 15 unatosha. Muhimu zaidi ni vifundo vya kurekebishia vinavyosema kweli. Pima ukiwa na kipimo cha miliradiani, ambapo miliradiani moja ni sentimita 10 kwenye mita 100: chora mstari wima kwenye karatasi ndefu, piga risasi tatu, pandisha miliradiani 5, piga tatu nyingine. Kundi la pili likae sentimita 50 juu ya la kwanza, kwenye mstari huo huo. Rudisha sifuri, na risasi zirudi zilipoanzia. Darubini inayokosea hapa irudishwe, kwa sababu kwenye mita 500 risasi ya 6.5 Creedmoor iliyolengwa kwa mita 100 hushuka zaidi kidogo ya mita moja na nusu, na kosa la asilimia 5 kwenye vifundo linakula kama sentimita 8 za eneo lako la sentimita 20. Vishikio vikazwe kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu, kwa kufuata kiwango cha mtengenezaji.

Hatua ya saba: karatasi ya siku kumi

Nunua aina tatu za risasi za uwindaji, upige kumi za kila aina, kwa kuwa kundi la risasi tatu hudanganya kwa urahisi. Acha mtutu upoe kati yake. Ukipata aina bora, bandika karatasi moja kwenye mita 200 na uipige risasi moja tu kwa siku, mtutu ukiwa baridi, kwa siku kumi, bila kuibadilisha karatasi. Matundu yote kumi yakiingia ndani ya duara la sentimita 8, kwa hesabu tupu yataingia ndani ya sentimita 20 kwenye mita 500. Bunduki iliyonipa karatasi ya namna hiyo huibeba porini kwa mpaka wa mita 400, kwa sababu mita 100 zilizobaki nimeuachia upepo.